Muulize Ripota Mbishi: Mtoto analia darini, nyumba haina mtoto

Haya jamani tumerudi. Wiki hii barua za majini zimekuja nyingi kuliko za mapenzi, mpaka dada wa safu ya jirani kaanza kuninunia. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mi ni ripota, kazi yangu ni kwenda pale mnaposema pana mzuka, nalala hapo hapo, asubuhi naandika nilichokiona. Mwaka wa kumi na moja huu, nimeumwa na mbu wa mikoa tisa, mzuka bado sijakutana nao. Ila simcheki mtu, hilo tuelewane mapema. Aliyesikia kitu kasikia, tunabishana tu ni kitu gani.

Shikamoo anko. Baba yetu mdogo alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Juzi saa nane usiku simu ya mama ikaita, kuangalia jina: Baba Mdogo. Mama akazimia. Kaka akaipiga tena ile namba, ikapokelewa, sauti ya kike inacheka. Tusome dua au tuhame? (Mtoto wa Kwanza, Mbagala)

Marahaba mwanangu, poleni sana. Dua someni, dua haina hasara, ila kuhama subirini kwanza maana kodi ya miezi sita si mchezo.

Laini ikikaa muda mrefu haitumiki kampuni inaifunga, halafu namba ile ile inauzwa kwa mtu mwingine, namba zenyewe hazioti kama uyoga. Kwenye simu ya mama jina limebaki lile lile kwa sababu nani atakuwa na moyo wa kufuta namba ya marehemu? Hapo nikaelewa nusu. Nusu iliyonisumbua ni kwamba huyo dada mwenye laini mpya kamjuaje mama yako mpaka ampigie saa nane usiku. Ndo maana nilikupigia Jumanne nikakuuliza swali ukaona kama nimechanganyikiwa: mama ana shughuli yoyote karibuni? Ukasema eeh, harusi ya dada. Na ujumbe wa mchango alituma kwa nani? Ukanyamaza kidogo, ukasema, "Anko, alituma kwa namba zote zilizomo kwenye simu."

Basi ndo hivyo. Marehemu kaombwa mchango wa harusi. Namba nimeipiga mwenyewe, kapokea binti wa watu, anasema alikuwa anatoka kazini usiku na wenzie, akaona ujumbe wa mtu asiyemjua unamkumbusha ahadi yake ya elfu hamsini, wakacheka weee, akapiga aulize hii ahadi kaitoa lini. Anaomba radhi kwa mama. Mchango kasema hatoi.

Mwandishi, toleo lililopita ulituacha njiani. Ulisema uko stendi Tanga unaenda Pangani kwa bi mkubwa anayesikia mtoto mchanga akilia usiku na nyumba haina mtoto, halafu karatasi ikaisha. Iliishaje? Mke wangu ananiuliza mimi kama mi ndo niliandika. (Mzee wa Chumbageni, Tanga)

Shikamoo mzee wangu, nisamehe, mhariri ndo alikata. Ngoja niimalize leo hata akininunia.

Nilifika jioni. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe nene hivi, chokaa juu yake, paa la bati, nyuma kuna uwanja wenye minazi na banda la stoo. Anaishi bi mkubwa mjane na mjukuu wake wa kidato cha pili. Sasa Pangani unaijua, mji wa misafara ule, karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walipita pale kwenda Unguja, kwa hiyo kila nyumba ya mawe ina hadithi yake ya mtoto aliyezikwa ukutani, na hii yake ilishapata ya kwake kabla sijashusha begi. Majirani walinisimulia wote, kila mmoja na jina tofauti la mtoto.

Nikaanza na watu kwanza, mizuka huwa naiacha mwisho. Kulikuwa na mpwa wa bi mkubwa, kijana wa mjini, anataka nyumba iuzwe kwa mtu wa hoteli, huyo nikamwandika wa kwanza kwenye daftari nikampigia mstari. Kulikuwa na mgema anayekodi minazi, anapanda asubuhi na jioni, dumu lake la tembo analihifadhi kwenye lile banda (bi mkubwa mwenyewe hanywi, msala na tasbihi, ila minazi ni yake na shilingi ni shilingi). Na kulikuwa na mganga kutoka ng'ambo ya mto, alishakuja na kivuko mara mbili, akachukua elfu hamsini na jogoo mweusi, akasema mtoto anataka kafara kubwa zaidi, kumaanisha mbuzi.

Usiku wa kwanza sitausahau. Saa moja na kitu, giza ndo linaingia, nikasikia. Mzee wangu, mi na ubishi wangu wote, mwili ulinisisimka mpaka vidole vya miguu. Ni mtoto. Analia, ananyamaza, analia tena, juu juu kule kama yuko darini. Mjukuu akanisogelea, nami nikamsogelea mjukuu, tukawa tumebanana kama daladala ya saa kumi na mbili. Bi mkubwa yeye anachambua mchele, hata hakuinua uso: "Ndo huyo. Leo kawahi."

Asubuhi akanionyesha kitu ambacho mganga alikiona akatoka mbio. Ukutani, chini kidogo ya bati, pale ambapo mtu hafiki bila ngazi, kuna alama za mikono, vidole vitano vitano, vidogo kama vya mtoto ambaye hajatembea. Mtaa mzima umekuja kuziangalia, watu wamezipiga picha, wengine wamelia. Nikauliza, kuna aliyezinusa? Wakaniangalia kama nimetukana. Nikaomba ngazi, nikapanda, nikanusa.

Mkojo.

Mizuka ina mambo mengi nimesimuliwa, ila ya kibofu hiyo ilikuwa mpya. Nikashuka nimechangamka, ila sikusema neno kwa sababu kulikuwa na jambo la pili lililonikera zaidi. Mgema analalamika kwamba jini linamnywea tembo, na wateja wanalalamika kwamba tembo siku hizi halina nguvu, na mgema anawajibu kwamba jini ndo linalolitoa nguvu. Sawa. Basi ile jioni, kabla ya kulala, nilikuwa nimechukua kipande cha mkaa nikachora mstari kwenye dumu pale tembo lilipofika. Asubuhi narudi kuangalia, tembo liko juu ya mstari. Juu! Jini linalokunywa naweza kulielewa, ila jini linaloongeza sijawahi kusikia hata kwa bibi yangu, na bibi yangu amesikia kila kitu.

Nikaenda dukani nikanunua unga wa sembe kilo moja. Bi mkubwa akafurahi akajua tunapika. Akaniona nanyunyiza unga juu ya ukuta pale penye zile alama, na mlangoni mwa banda, akamnong'oneza mjukuu wake kitu ambacho baadaye niliambiwa kilikuwa, "Huyu naye wameshamshika."

Usiku wa pili nikakaa uani na tochi. Kilio cha magharibi kikaja kikapita, nikavumilia. Kama saa saba hivi nasinzia, ghafla juu ya bati PWAA! kama nazi imeanguka, ila nazi haiburuziki baada ya kuanguka. Nikaruka, nikawasha tochi, nikarudi kinyumenyume bila kuangalia nikaingia banda la kuku na mlango wake, kuku wakalipuka, bi mkubwa akatoka na mwiko, mjukuu akatoka na msahafu, na pale juu ukingoni mwa bati macho mawili mekundu kama makaa yanatuangalia. Halafu yale macho yakayumba. Yakaenda kushoto, yakarudi kulia, yakafumba moja.

Komba. Komba mzima, manyoya yake na mkia wake mrefu kuliko mwili, kalewa chakari. Akajaribu kuruka kwenda mnazi wa pili akaukosa, akaning'inia kwenye kuti kwa mkono mmoja, akafungua mdomo akalia vile vile kama mtoto kanyimwa ziwa. Bi mkubwa kashusha mwiko taratibu. "Ndo huyu? Huyu ndo wa elfu hamsini?"

Sasa nieleze kidogo maana najua wa mjini wengi komba mnamsikia tu kwenye msemo. Ni mnyama wa usiku, mchana analala kwenye tundu au kwenye majani mazito, jioni anatoka na kulia kwake ndo huko, Waingereza nao walipomsikia wakamwita mtoto wa kichakani. Mikono yake ina vidole vitano kama vyetu. Na ana tabia moja ya ajabu, anajikojolea mikononi na kujipaka miguuni kisha anaendelea na safari, kwa hiyo anapopita anaacha sahihi. Kuhusu tembo sina haja ya kueleza, wazee wetu hawakusema "kalewa kama komba" kwa kubahatisha. Anapanda mnazini, anakuta kibuyu cha mgema kimejaa, nani atamwambia hapana?

Kwa hiyo mtoto tumempata. Tembo lililopanda juu ya mstari je? Kulipokucha nikaenda mlangoni mwa banda kusoma unga wangu. Nyayo za mtu mzima, pekupeku, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyepanda minazi maisha yake yote, na pembeni mwa nyayo, mzee wangu, duara safi kabisa la kitako cha ndoo.

Mgema alipokuja asubuhi hatukumuuliza kitu, bi mkubwa alimnyooshea tu mwiko akamwonyesha lile duara. Akakaa chini. Kumbe komba anamjua siku nyingi, manyoya anayakuta kwenye kibuyu kila akipanda, lakini huko juu ananyang'anywa na huku chini wateja wanataka lita zao, usiku akawa anakuja na ndoo anajazia maji kwenye dumu, na maswali ya wateja yalipozidi akaleta habari ya jini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu hata sifa hakuzisubiri. Yule mpwa niliyempigia mstari hakuwa na kosa lolote zaidi ya haraka ya urithi, nilimfuta.

Bi mkubwa alimsamehe mgema, akampandishia kodi ya minazi. Mganga alipopigiwa simu alisema komba huyo katumwa. Jogoo hajarudi mpaka leo.

Kaka, mi ni mwalimu wa sekondari ya bweni ya wasichana. Kila karibu na mtihani wanafunzi wanaanguka, wanapiga kelele, mmoja akianza bweni zima linafuata. Wazazi wanasema shule ina mapepo, wengine wanasema watoto wanaigiza wakwepe mtihani. Wewe unasemaje? (Mwalimu Niliyechoka)

Mwalimu pole, na pande zote mbili hizo sikubaliani nazo. Kuna kisa kimoja cha kwetu kinachojulikana dunia nzima kuliko sisi tunavyokijua. Tarehe 30 Januari 1962, nchi haijafikisha hata miezi miwili ya uhuru, shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Kufika katikati ya Machi walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159, wanacheka, wanalia, wanahangaika, anaacha kwa muda halafu inamrudia, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Watoto walipotumwa nyumbani ikaenda nao vijijini. Madaktari walikuja wakapima damu, wakaangalia chakula, wakatafuta sumu, wakatafuta virusi, hawakuona kitu.

Halafu kitu ambacho mi kama ripota kilinikaa kichwani: walimu haikuwapata hata mmoja. Chakula kile kile, hewa ile ile, paa lile lile, mapepo gani hayo yanayouliza nani mwalimu nani mwanafunzi? Waliopatwa ni wale waliobanwa, wasichana wadogo, mbali na nyumbani, ratiba ngumu, hawana pa kusemea. Wataalamu wanaliweka kwenye hofu na msongo wa mawazo unaoambukizana, mwili unasema kile ambacho mdomo umekatazwa. Na mtoto haigizi, anaanguka kweli, ndo maana ukimchapa unaongeza tatizo.

Usiite mkutano mkubwa wa maombi na watoto wote wakiwa wamesimama juani wanamwangalia aliyeanguka, hapo unapanda mbegu. Mtoe aliyeanguka taratibu apelekwe pahala kimya, wengine waendelee na shughuli, na jioni mtu anayeaminika, siyo wewe wa nidhamu, akae nao aulize kuna nini bwenini. Mara nyingi kuna kitu, na unaweza usikipende.

Mwandishi mi nimekabwa na popobawa, lile jini linalosemwa kuwavamia watu usiku kitandani. Nimeamka usiku siwezi kusogea, siwezi kupiga kelele, kitu kizito kifuani, na kivuli mlangoni. Usiniambie nimeota kwa sababu macho yalikuwa wazi. (Sitaji Jina, Unguja)

Sikwambii umeota. Macho yalikuwa wazi kweli na mwili ulikataa kweli.

Ukiwa kwenye ndoto ubongo unazima misuli karibu yote, usije ukampiga mwenzio ngumi unapigana na simba. Saa nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, basi hapo uko macho, chumba unakiona, ila ndoto bado haijatoka na yenyewe inakuongezea kivuli na uzito. Inachukua sekunde au dakika chache, japo wewe utaapa ni saa zima. Wazee wakaliita jinamizi. Ukilala chali na ukiwa na usingizi wa madeni linakuja zaidi. Likija tena usipambane na mwili wote, jaribu kidole kimoja cha mguu tu.

Popobawa mwenyewe ana historia yake. Mwaka 1995 alianzia Pemba, akavuka Unguja, akafika mpaka Dar, watu wakalala nje kwa makundi wamewasha moto, na mwaka ule ule ndo tunaenda kwenye uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, joto la siasa liko juu. Akarudi tena miaka ya baadaye, 2007 Dar ilimsikia. Ninachomshangaa mimi ni tabia yake moja iliyosimuliwa sana, kwamba akimaliza anakuamrisha ukawasimulie watu, usiposimulia anarudi. Mzuka una idara ya matangazo! Kila anayesimulia anawapa wengine sura ya kuona siku jinamizi likiwabana. Hapo ningecheka, ila mwaka ule wa 1995 mtu mmoja mgonjwa wa akili aliyekuja Zanzibar kutibiwa aliuawa na kundi la watu wakidhani ndo yeye. Kwa hiyo wewe kapumzike, lala ubavu, na majirani waambie umekabwa na jinamizi, usimtaje mwingine.

Wewe kijana unatuharibia kazi. Sisi waganga tuna leseni, tuna wateja, na tunaona vitu ambavyo wewe na tochi yako huwezi kuona. Njoo na mimi nikuonyeshe kama una ubavu. (Mtaalamu, Muheza)

Shikamoo mzee. Miti shamba sina ugomvi nayo, bibi yangu alinikuza kwa mwarobaini na bado nausikia mdomoni. Hoja yangu ni ya kuona tu.

Kulikuwa na mzee mmoja Marekani, James Randi, mwanamazingaombwe wa jukwaani, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anadanganya watu kwa ajira alikuwa anajua mbinu zote. Mwaka 1964 aliweka dola elfu moja mezani kwa yeyote atakayeonyesha uwezo usio wa kawaida chini ya masharti ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Dau likapanda mpaka likafika dola milioni moja. Walikuja wasoma mawazo, watafuta maji kwa vijiti, waponyaji, watu zaidi ya elfu moja waliomba, na 2015 shindano linafungwa pesa ilikuwa haijatoka.

Mi milioni sina mzee, mshahara wa hapa unaujua au unaweza kuuona kwa uwezo wako. Nina elfu hamsini, kiasi kile kile alicholipa bi mkubwa wa Pangani. Niambie tu yule jogoo mweusi yuko wapi sasa hivi, bila kumpigia simu mwenzio wa ng'ambo ya mto, nakuletea mwenyewe kwa basi la asubuhi.